Goti Limekaza: Tazama Saa Kabla Hujasingizia Baridi

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe kuna mshitakiwa mmoja tu: baridi. Kifua kikibana ni baridi, mgongo ukiuma ni baridi, na goti likikataa kukunjika mtu anapochuchumaa kuchochea moto, hilo nalo ni baridi. Nafanya kazi ya fiziotherapia, na kila mwaka napokea magoti yaliyokuwa yanasubiri jua. Mama mmoja kutoka Uyole alikuja mwezi wa tisa na goti lililovimba tangu mwezi wa tano. Jua lilishatoka, vumbi limeanza, uvimbe uko palepale.

Tusiionee baridi, lakini tusiivue makosa yake pia. Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kule Makete na Kitulo asubuhi za Juni na Julai nyasi huamka nyeupe kwa barafu. Kwenye hali hiyo misuli hujikunyata, watu hukaa karibu na moto badala ya kutembea, na goti lisilotembezwa hukaza. Basi, baridi inaweza kulifanya goti bovu lilalamike zaidi. Ila haili gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haileti usaha, wala haimwagi chumvi za jongo (gauti) ndani ya kiungo. Hata jina la baridi yabisi limetupoteza wengi: ule ni ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia utando wa ndani ya viungo, na wapo wanaouugua Tanga huku wakitokwa jasho.

Linakaza, limegoma, au huliwezi?

Mtu akisema goti limekaza anaweza kuwa na maana tatu, na tiba zake hazifanani. Lala chali kwenye mkeka au kitanda kigumu. Kunja kanga mara kadhaa uiweke chini ya kisigino, uliache goti lishuke lenyewe, kisha linganisha na la pili. Halafu vuta kisigino taratibu kuelekea takoni. Mwisho, mwombe mtu akukunjie na kukunyooshea wewe ukiwa umelegea kabisa.

Likienda hadi mwisho ingawa kwa shida, hilo linakaza. Likifika mahali likasimama kama mlango uliowekewa jiwe, limegoma: kuna kipande kimenasa ndani, au goti limejaa maji, au mfuko wake umesinyaa. Likienda vizuri kwa mkono wa mwenzako lakini wewe mwenyewe huliwezi, shida huenda iko kwenye msuli, kano au mshipa wa fahamu. Hapo jaribu kuunyanyua mguu mzima ukiwa umenyooka. Aliyeanguka, na tangu aanguke hawezi kuunyanyua hivyo, aende hospitali siku hiyohiyo. Pia ya goti huenda imevunjika au kano inayoishika imekatika, na kazi hiyo hurekebishwa vizuri zaidi ikiwahiwa.

Sasa hesabu dakika. Mnyakyusa akikusalimu asubuhi, "Ugonile", anakuuliza umelalaje. Mimi naongeza swali la pili: tangu uweke miguu chini, goti lilichukua dakika ngapi kulegea? Tazama saa ya simu, usikisie. Fanya hivyo siku saba, uandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo itamsaidia tabibu kuliko maneno "linakaza sana".

Dakika kumi, ishirini, halafu linaachia

Hili ndilo goti ninaloliona zaidi. Mtu amevuka miaka 45, maumivu yanakuja kwa kazi na kupungua akipumzika, na ugumu wa asubuhi hauzidi nusu saa. Mara nyingi hayo yanatosha daktari kulitambua hata kabla ya picha. Mitaani tunasema magoti yanasagika. Kitabibu ni ostioathritisi: gegedu linalofunika ncha za mifupa linapungua, pembeni mfupa unaota vijipembe, na mfuko wa kiungo unakuwa mgumu. Goti la aina hii hukaza pia baada ya kukaa muda mrefu. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwa basi, kilomita zaidi ya 800, akishuka stendi ya Nane Nane hutembea kama aliyeazimwa miguu, kisha baada ya hatua hamsini mambo yanakaa sawa.

Umri unachangia, na uzito, na jeraha la zamani la mpira, na kazi. Viazi vya Isyonje vinafungwa lumbesa, na lumbesa haijipandishi yenyewe kwenye lori. Kuna mgongo wa mtu hapo, na chini ya mgongo kuna magoti mawili. Ongeza kulima kwa jembe la mkono kwenye miteremko. Kushuka mlima huumiza kuliko kupanda, kwa kuwa pia ya goti hukandamizwa na msuli wa paja unaofanya kazi ya breki. Wakazi wa chini ya mlima Loleza hawahitaji kuelezwa.

Dawa ya kwanza ya goti hili ni msuli wa paja. Najua watu hawapendi kusikia hivyo. Wamekuja kutafuta sindano. Kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu, bana paja kwa sekunde tano, shusha. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Ukizoea, ongeza kuinuka kitini bila kujishika, mara nane hadi kumi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dhambi, mradi kesho yake asubuhi goti halijawa baya kuliko jana. Usitegemee muujiza wiki ya kwanza. Wiki sita hadi kumi na mbili ndizo zinazoonyesha tofauti. Mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja anayopunguza inalipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne kwenye kila hatua. Na fimbo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, si ule mbovu. Karibu kila mzee anayeingia mlangoni kwangu ameishika kinyume.

Kuna jambo la choo ambalo watu huona aibu kulisema. Kutembea tambarare kunahitaji goti likunjike digrii kama 60 tu, lakini kuchuchumaa kunahitaji zaidi ya 120. Mtu anaweza kutembea hadi sokoni bila shida na bado akawa anajinyima chakula cha jioni kwa hofu ya choo cha shimo usiku. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kwa nusu siku. Mtengenezeeni bibi kiti hicho, na msimlaumu asipopiga magoti kusalimia wageni.

Bamia nayo. Kila wiki naulizwa kama inaongeza ute wa magoti. Bamia ni mboga nzuri, kula, lakini utelezi wake unameng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote. Hauna njia ya kushuka hadi kwenye goti. Supu ya kongoro ni hivyohivyo. Ute wa goti hutengenezwa na utando wa goti lenyewe, na unalisambazia gegedu lishe pale goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Vidonge vya "kuongeza ute" vinauzwa ghali, na ushahidi wake ni hafifu. Hela hiyo ningenunua viatu vyenye soli laini.

Kwa maumivu, dawa ya kupaka yenye diklofenaki ni mwanzo mzuri, maana sehemu ndogo tu ya dawa huingia mwilini. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ini bovu, mnywaji wa kila siku au mwenye mwili mdogo aulize kwanza, kwake kiwango ni kidogo zaidi. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vina nguvu, lakini vinachimba tumbo, vinapandisha presha na kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au mimba asivinunue kama pipi. Halafu kuna deksa. Mtu akipewa deksamethasoni dukani huamka kesho anataka kucheza mpira, na ndiyo maana inapendwa. Ikitumika kwa miezi hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, hushusha kinga, na kuiacha ghafla kunaweza kumwangusha mtu. Nina wasiwasi hata na unga wa kienyeji unaoponya goti usiku mmoja. Huwa najiuliza kumechanganywa nini humo.

Linapita nusu saa, saa nzima, hadi jua linapanda

Hapa hadithi inabadilika. Ikiwa ugumu unapita nusu saa, magoti yote mawili yanahusika, na vidole vya mikono au viwiko vimevimba, fikiria baridi yabisi yenyewe. Huwapata wanawake zaidi, na mara nyingi huwakuta wakiwa bado na nguvu za kulima. Dalili moja ninayoiamini: mama anasema asubuhi hawezi kukamua nguo wala kufunga kanga, lakini kufikia saa sita mchana anaweza. Ugonjwa huu una dawa za kuuzuia usile viungo, na dawa hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema. Viungo vikivimba zaidi ya wiki tatu hivi, usibaki nyumbani kuchua mafuta.

Nyanda za juu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo niulize: maziwa unayachemsha? Brusela hupita kwenye maziwa mabichi, na kwenye mikono ya anayezalisha ng'ombe au mbuzi aliyetupa mimba. Huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, uchovu, na maumivu ya magoti, nyonga au mgongo. Wengi hutibiwa malaria mara mbili tatu kwanza. Tiba yake ni antibayotiki zaidi ya moja kwa wiki sita au zaidi. Vidonge vya siku tano havitoshi.

Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa gotini. Goti moja tu, linavimba polepole kwa miezi, paja linasinyaa, na maumivu wala si makali kiasi cha kumtisha mtu. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Limevimba usiku mmoja na ni la moto

Weka mgongo wa kiganja kwenye goti hilo, kisha kwenye lile zima. Kama hili ni la moto, limejaa na hutaki hata shuka iliguse, acha kusoma hapa uanze kutafuta usafiri. Inawezekana ni jongo, lakini inawezekana ni usaha, na kwa macho tu hata daktari mzoefu hawezi kuapa. Usaha ndani ya goti hula gegedu kwa siku chache na unaweza kuingia kwenye damu. Homa ikiwepo inathibitisha hofu, ila kutokuwepo kwake hakukuondolei hatari. Wa kuogopa zaidi ni mwenye kisukari, mwenye VVU ambaye hajaanza dawa, mwenye selimundu, mwenye baridi yabisi, na yeyote aliyechomwa sindano ya goti siku za karibuni. Kwa vijana, kisonono kisichotibiwa kinaweza kuishia gotini. Tabibu akikuuliza swali hilo hakudharau, mjibu ukweli.

Usimeze antibiotiki ya dukani njiani. Itapunguza makali kidogo na kuwafanya wanaopima maji ya goti washindwe kumkamata mdudu. Kuvutwa maji kwa sindano kunawatisha wengi, eti ukivutwa mara moja utavutwa maisha yote. Sivyo. Maji hurudi kwa sababu chanzo bado kipo, na njia ya kukijua chanzo ni kuyavuta na kuyapima.

Likiwa jongo, huanza mara nyingi usiku, likiwa limewahi kugusa kidole gumba cha mguu. Bia na nyama choma hutajwa kwanza, na ni kweli zinachochea, lakini watu husahau dawa. Vidonge vya presha vinavyokojoza, kama haidroklorothiazaidi, hupandisha asidi ya yuriki, na pirazinamidi ya kifua kikuu pia. Usiviache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Kipimo cha damu cha asidi hiyo kinaweza kusoma kawaida katikati ya shambulio, kwa hiyo jibu zuri la maabara halikuondolei jongo.

Lilianza baada ya kuanguka, mpira au bodaboda

Hapa uliza: lilivimba baada ya muda gani? Goti lililojaa ndani ya saa mbili kwa kawaida limejaa damu, maana yake kano ya ndani imekatika au mfupa umepata ufa. Lililoamka limevimba kesho yake mara nyingi limechanika gegedu la umbo la mwezi mchanga, yale mawili yanayokaa kati ya paja na muundi. Gegedu hilo likipinduka hunasa: goti halinyooki hatua ya mwisho, hata ukivutwa. Usimruhusu mtu alikandamize linyooke kwa nguvu.

Picha inahitajika kama huwezi kupiga hatua nne, kama goti halifiki digrii 90, kama pia ya goti inauma ukiibonyeza, au kama una miaka 55 na zaidi. Mguu ukiwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi baada ya ajali, usingoje usafiri wa bei nafuu. Kama ni kuteguka kwa kawaida, pumzisha, funga bandeji isiyobana, inua mguu, na kanda kwa kitu cha baridi dakika 15. Barafu huku si lazima. Maji ya bomba ya Julai yanatosha.

Kundi ninalolionea huruma ni waliofungwa hogo, yaani plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. Mfupa umeunga vizuri, hogo limetolewa, wanaambiwa "umepona", wanarudi Ileje au Ludewa. Baada ya miezi minne goti limesimama kwenye digrii 40. Wiki za mwanzo baada ya hogo kutolewa ni za dhahabu: telezesha kisigino kitandani, kunja na kunyoosha, mara nyingi kwa siku, hata kama inauma kidogo. Mfuko wa goti ukishasinyaa na kushikana, mazoezi peke yake huchukua muda mrefu na magoti mengine huishia chumba cha upasuaji. Ukitolewa hogo, usiondoke kabla hujauliza utaanza mazoezi lini na nani atakuonyesha.

Mengineyo kwa haraka

Uvimbe laini nyuma ya goti, kama yai, mara nyingi ni maji ya goti bovu yaliyojipenyeza huko. Lakini shavu la mguu mmoja likivimba, likauma na kupata joto, hasa baada ya safari ndefu, kulazwa, kujifungua au upasuaji, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usikande. Nenda siku hiyohiyo, na ukianza kubanwa pumzi au kifua kuuma, hiyo ni dharura.

Mtoto anayechechemea na kusema goti linauma, mchunguzwe nyonga pia. Maumivu ya nyonga hupenda kujitokeza gotini. Mwenye homa na anayekataa kukanyaga chini hangoji asubuhi. Kijana wa sekondari mwenye nundu inayouma chini kidogo ya pia ya goti, na anacheza mpira kila siku, kwa kawaida anahitaji kupunguza mpira tu.

Na tafadhali, jiko la mkaa chumbani. Kupasha goti joto ni jambo jema: chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, dakika 15 au 20, kisha mazoezi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni apimiwe joto na mtu mwingine. Lakini jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Wanaolala nalo hawaamki.

Uende wapi, ubebe nini

Yanayotaka siku hiyohiyo nimeshayasema: goti la moto lililovimba ghafla, mguu usioweza kunyanyuliwa au kukanyagiwa baada ya kuanguka, goti lililonasa, shavu la mguu lililovimba, mtoto mwenye homa. Ugumu unaopita nusu saa kila asubuhi kwa wiki kadhaa, uvimbe usioondoka, kupungua uzito au jasho la usiku, usipitishe wiki hii. Goti linalokaza dakika kumi tu linaweza kujaribiwa nyumbani kwa mazoezi wiki sita, na likikunyima usingizi au kazi, nenda.

Anzia zahanati au kituo cha afya na uombe barua ya rufaa inapohitajika. Hospitali za rufaa za mikoa, ile ya kanda pale Mbeya, na za mashirika ya dini kama Ikonda kule Makete na Tosamaganga kule Iringa hupokea wagonjwa kutoka mbali, kwa hiyo uliza kabla ya nauli ni siku gani daktari wa mifupa anaona wagonjwa. Picha ya goti lililochakaa ipigwe ukiwa umesimama. Ukilala, nafasi iliyopungua inaweza isionekane.

Vaa nguo inayopanda juu ya goti bila kuvuliwa. Beba picha za zamani, ile karatasi ya dakika, na dawa zote unazotumia, za hospitali, za dukani na za kienyeji, zikiwa kwenye pakiti zake. Yule mama wa Uyole alikuja na mfuko wa rambo uliojaa. Tulipoumwaga mezani, pakiti tatu zenye rangi tofauti zilikuwa diklofenaki ileile, na zote tatu alikuwa anameza kila siku.